TAHADHARI: "Dawa" ya kusafisha kompyuta ya kupozwa kwa maji bila kufungua kitu inakula bloku zenu

Wakuu, kuna muuzaji anazunguka kwenye makundi ya watu wanaojenga kompyuta za kupozwa kwa maji. Anauza dawa anayodai inasafisha mfumo mzima bila kufungua chochote: unamimina kwenye tangi, unaacha pampu izungushe usiku kucha, asubuhi unamwaga na kujaza kulanti (kimiminika cha kupozea) mpya. Msinunue. Rafiki yangu kapigwa, na mashine yake nimeifungua mimi.

Chupa haina lebo yoyote. Haijaandikwa dawa ina nini, inachanganywa kwa kipimo gani wala inafaa metali zipi. Nilichovya karatasi ya kupimia asidi kwenye masalia, ikageuka nyekundu papo hapo. Bloku ya prosesa, yaani kile kipande cha metali kinachokaa juu ya prosesa na kupitishiwa maji ya kuipoza, ilikuwa ya shaba iliyopakwa nikeli. Sasa nikeli imebanduka katikati, pale penye vijimifereji vyembamba, shaba iko wazi na magamba ya nikeli yamejazana humohumo na kuziba njia ya maji. Tangi la akriliki nalo limepata vijiufa kuzunguka matundu ya viungio. Dawa ile inanuka spiriti, na spiriti hupasua akriliki.

Hapa ndipo anapowanasa watu. Asubuhi maji yanatoka ya kijani au bluu, naye anakwambia, "Umeona uchafu ulivyotoka?" Huo si uchafu! Asidi ikila shaba, maji hugeuka rangi hiyohiyo. Unachomwaga ni bloku yako na rejeta yako, ile inayotoa joto kwenye maji. Wiki chache baadaye joto la prosesa linapanda, unamrudia, anakuuzia bloku nyingine. Rafiki yangu alipodai pesa yake aliambiwa kosa ni la kulanti aliyokuwa akitumia, kisha akazuiwa, na muuzaji akaingia mitini.

Zipo dawa za kweli za kusafishia mifumo hii, sikatai. Zina lebo, zina kipimo, na zinakwambia usuuze vizuri baadaye. Asidi hafifu pia ina kazi yake: kuondoa mabaki ya kulehemu ndani ya rejeta mpya ya shaba, ikiwa peke yake nje ya mfumo. Lakini ute uliokwama kwenye vijimifereji, hasa wa zile kulanti nzito za rangi ya maziwa, hautoki kwa kuzungushiwa maji, kwa sababu maji hupita palipo wazi na kuuacha ulipo. Lazima bloku ifunguliwe na kusuguliwa kwa mswaki laini. Anayekuahidi vinginevyo anakudanganya.

Kama umeshaimimina, usingoje asubuhi. Zima mashine, chomoa waya wa umeme, fungua sehemu ya chini kabisa ya mfumo, halafu legeza kizibo cha juu cha tangi ili hewa iingie. Bila hivyo maji hayatoki yote. Inamisha kesi huku na huku, maana rejeta huficha maji mengi. Vaa glavu.

Kisha jaza maji yaliyokenekwa. Yale ya bomba yana chumvi. Washa pampu peke yake, ubao mama usipate umeme, iache izungushe kama robo saa, mwaga, rudia. Pampu isizunguke kavu hata kidogo, kwa kuwa maji ndiyo yanayoilainisha. Endelea mpaka karatasi ya kupimia ionyeshe rangi ileile kwa maji yanayotoka na yale ambayo hujayatumia. Baada ya hapo fungua bloku uitazame kwa tochi. Oringi (pete za mpira zinazozuia kuvuja) zilizovimba au kukakamaa badilisha, na kabla ya kuwasha kompyuta nzima, zungusha pampu peke yake siku nzima, karatasi za tishu zikiwa zimetandikwa chini ya kila kiungio.

Jamaa anabadilisha jina kila mara, lakini maneno ya tangazo ni yaleyale: "bila kufungua", "metali zote", "usiku mmoja". Muulize swali moja tu: ndani mna nini? Hatajibu, atakutumia picha za maji ya kijani. Na kama umeshalipa, hifadhi mazungumzo yote na risiti, usimwage kilichobaki kwenye chupa, kapinge malipo mapema kupitia huduma uliyolipia.