Uzoefu wangu na boliti ndefu za betri yenye vichwa vya pembeni

Ninaendesha Chevrolet Silverado la mwaka 2003 hapa Columbus, Ohio, na betri yake ni ya kundi la 78, yaani ile isiyokuwa na vichwa vilivyochomoza juu kama tulivyozoea nyumbani. Betri hii ina matundu mawili yenye hesi (mikato ya kuzungushia skrubu) ubavuni, na kila kebo hufungwa kwa boliti inayoingia ndani ya madini ya risasi ya kichwa chenyewe. Magari mengi ya General Motors, kampuni inayotengeneza Chevrolet, yalikuja na betri za namna hii kuanzia miaka ya 1970. Sisi tuliokulia Dar es Salaam kwenye Toyota tunajua njia moja tu ya kuongeza waya kwenye betri: unalegeza nati ya kichwa, unapachika waya wa redio au wa taa, unakaza, na kazi imekwisha. Kwenye betri ya pembeni hakuna nati ya kulegeza wala mahali pa kupachika, na ndiyo sababu nilinunua boliti ndefu ninazozieleza hapa.

Nilihitaji kuunganisha pampu ya kujazia upepo matairi, inayovuta takriban ampea 30, pamoja na taa mbili za kazi za LED nyuma ya gari, ambazo zote mbili huvuta ampea 6. Mara ya kwanza sikununua chochote. Nilichukua pete za nyaya mpya, nikazibana kwa boliti ileile ya kiwandani, zikakaa katikati ya kebo ya stata na risasi ya betri. Taa ziliwaka vizuri na pampu ikafanya kazi, nami nikaridhika. Wiki tatu baadaye, asubuhi moja ambapo baridi ilifika nyuzi 15 chini ya sifuri, mke wangu alirudi ndani akasema, "Baba Salma, gari linagonga tu, haliwaki." Nilipima betri nikakuta volti 12.5, kwa hiyo yenyewe ilikuwa nzima. Kisha niliweka ncha moja ya mita kwenye ukingo wa risasi na nyingine kwenye pete ya kebo ya stata, nikamwomba ageuze ufunguo, na mita ikaonyesha volti 1.1. Volti hiyo yote ilikuwa inapotea pale pale kwenye mwungano, kabla umeme haujaingia hata kwenye kebo.

Nilipofungua niliona sababu mbili. Pete zangu nyembamba zilikuwa zimeizuia kebo ya stata isiguse risasi kwa uso wake wote, ilhali stata ya gari kama hili huvuta ampea 150 na zaidi. Pili, unene wa zile pete ulikuwa umeirudisha boliti nje, ikabaki imeshika hesi chache tu za mwanzo, na risasi ni laini, haivumilii kushikwa kwa hesi mbili au tatu.

Boliti nilizonunua ni mbili, kwa takriban dola 10. Kila moja ina upande mfupi wenye hesi za inchi 3/8 unaoingia kwenye betri, katikati ina bega lenye pembe sita la kushika kwa spana, na upande wa nje ina kipande kingine chenye hesi na nati yake. Ubora wa umbo hili ni kwamba kebo ya stata inarudi mahali pake, uso kwa uso na risasi, na bega linaibana hapo. Waya wa ziada unakaa nje kabisa chini ya nati yake, hivyo umeme wa stata haupiti kwenye pete yako, na unaweza kuondoa waya wa taa bila kuigusa kebo kubwa.

Jambo ambalo karatasi ya maelekezo haikulitaja, na ambalo nalihesabu kuwa kubwa kuliko yote, ni kina cha tundu. Kabla ya kufunga chochote niliingiza boliti kwa vidole bila kebo, nikahesabu mizunguko hadi ilipogota. Hesi hizi ni 16 kwa kila inchi, kwa hiyo mzunguko mmoja ni takriban milimita 1.6, na boliti yangu iligota baada ya mizunguko sita, yaani kama milimita 9.5. Sehemu yake yenye hesi, kutoka begani hadi nchani, ni milimita 14. Upande wa chanya gari langu lina pete mbili za kebo zenye unene wa milimita 5 zikiwa pamoja, hivyo boliti inaingia milimita 9 na kubana vyema kabla ya kugota. Upande wa hasi, kebo ni moja, na pete yake ina milimita 3 tu. Hapo boliti inagota mwisho wa tundu wakati kebo bado inacheza, na mkono wako unadhani imekaza. Ukiendelea kulazimisha, unaweza kung'oa hesi za risasi au kuipasua betri hadi tindikali ianze kuvuja. Niliongeza washa (kipete bapa cha chuma) ya milimita 2 kati ya pete ya kebo na bega la boliti, si kati ya pete na risasi, na tatizo likaisha. Mtengenezaji angeweka washa hiyo ndani ya pakiti, kwani gharama yake ni senti chache.

Kabla ya kufunga nilisugua uso wa risasi na pete za kebo kwa brashi ya waya hadi zikang'aa. Nilitoa hasi kwanza na kuirudisha mwisho, kwa sababu spana iliyo kwenye chanya ikigusa bodi wakati hasi imefungwa, cheche zake zinaweza kukuunguza, na kwenye betri ya pembeni bodi ipo karibu mno. Nilikaza kwa nguvu ya niutoni-mita 15, ambayo kwa spana fupi ni mkono wa kawaida tu. Nati ya nje inahitaji spana mbili: moja inashika bega lisizunguke, nyingine inakaza nati. Ukitumia moja, kila unapokaza waya wa taa unaizungusha boliti yote ndani ya risasi.

Waya wa chanya niliotumia ni wa milimita za mraba 8, na fyuzi ya ampea 40 nimeiweka shubiri moja kutoka kwenye betri, kwa kuwa kipande cha waya kilicho kabla ya fyuzi hakina ulinzi wowote kikichubuka. Upande wa hasi nimetumia boliti ya ziada kwa pampu peke yake, nazo taa nimezifunga kwenye chasisi. Wenye magari mapya zaidi yenye kihisi cha umeme kwenye kebo ya hasi wasiunganishe vifaa moja kwa moja kwenye kichwa cha hasi. Wavifunge kwenye bodi, ili kihisi kihesabu umeme wote unaotumika na alteneta ichaji inavyotakiwa.

Baada ya kazi nilirudia kipimo kilekile wakati wa kuwasha gari, na mita ikaonyesha volti 0.06 badala ya 1.1. Ninachokilalamikia, mbali na washa, ni kifuniko cha mpira, ambacho hakiwezi kufunika nati ya nje waya ukiwa umefungwa. Ncha ya chanya inachomoza kama sentimita 2 kuelekea kwenye bati la ubavu, nami nilikata kipande cha mpira wa bomba la rejeta nikaivika.

Kwa mahitaji kama yangu ningezinunua tena. Kwa winchi ningenunua betri ya kundi la 34/78, yenye vichwa vya juu na vya pembeni kwa pamoja, kwa sababu winchi huvuta mamia ya ampea na kile kipande cha nje hakikutengenezwa kwa mzigo huo. Sasa ni miezi minane tangu nizifunge. Mwezi uliopita, nilipobadilisha oili, nilijaribu kila boliti kwa spana, na ile ya hasi ilikubali robo mzunguko kabla ya kukaza tena, kwa kuwa risasi hulegea taratibu chini ya mbano. Ile ya chanya haikusogea.