TAHADHARI: Muuza maduveti anayekuambia la kwako limekufa

Jamani, mkimwona huyu muuza maduveti ya manyoya anayejifanya fundi, mfungieni mlango. Ameniibia mchana kweupe, ndani ya nyumba yangu, na nikikumbuka damu inanichemka.

Nilikuwa na duveti la manyoya la mama yangu. Lilikuwa limeanza kufanya madonge, nikamwita aangalie kama ni la kufua au ndiyo basi. Akalitandaza kitandani, akawa analiminya kona kwa kona huku anaguna kama daktari. Akanishika mkono, akanibonyezesha donge: "Sikia hapa dada. Limekufa hili. Manyoya yakishashikana hivi hayarudi." Akalikunja, akaliachia. Likabaki limelala vilevile. "Umeona? Zima lingeinuka lenyewe."

Na alikuwa anaongea kama mtu anayeijua kazi! Akanieleza kwamba manyoya yenyewe hasa ni yale laini ya kifuani mwa bata, yasiyo na kijiti katikati, ndiyo yanayoshika hewa na kuleta joto. Akataja namba 700, kwamba aunsi moja ya manyoya yake, kama gramu 28, ikijitanua inajaza inchi za ujazo 700. Nimeuliza baadaye: hayo maelezo ni ya kweli kabisa, vipimo vya manyoya ndivyo vilivyo. Mtu anakupa kweli tisa mfululizo, ya kumi utaitiliaje shaka?

Akatoa "jipya", limebanwa kwenye mfuko wa plastiki hadi limekuwa bapa. Lebo ina asilimia 100 kwa maandishi makubwa. Akasema nisilifungue mpaka usiku, eti ndiyo linavyojaa vizuri. La mama akaondoka nalo kama sehemu ya malipo, "la kutupa tu hili", na juu yake nikaongeza hela.

Usiku ule ni jasho tupu, na kitu kinanichoma shingoni. Asubuhi nikafumua mshono. Poliesta! Katikati yake manyoya magumu yaliyokatwakatwa, vijiti vimechongoka. Nikachoma kidogo kwenye kijiko: ile nyeupe ikayeyuka, ikaganda tone gumu. Manyoya yakiungua yananuka nywele na kubaki majivu ya kupukutika. Na ile asilimia 100? Maandishi madogo chini yake yanasema ni pamba, yaani kitambaa cha nje!

La mama halikuwa limekufa, hilo ndilo linaloniumiza. Madonge mara nyingi ni unyevu na mafuta ya mwili. Unafua kwa sabuni isiyo kali, bila kilainisho, unasuuza mpaka povu liishe, unakausha kwenye mashine kwa moto mdogo pamoja na mipira ya tenisi, saa kadhaa, ukilitoa na kulikung'uta mpaka hakuna donge lenye ubaridi ndani. Likikauka hivyo na bado limelala, au manyoya yanavuja kila mahali kwa sababu kitambaa kimechakaa, hapo sawa, nunua lingine. Huyu hata maji hakuligusisha.

Kwa hiyo akikukataza kufungua mbele yake, mtoe nje. Akiwa na haraka na la zamani kuliko hela yako, mtoe nje. Risiti hana. Simu sasa hapokei, na namba zangu zote kazifungia. Nimeshamripoti polisi na sitanyamaza: nataka ashtakiwe, anyang'anywe leseni kama anayo, arudishe kila senti ya kila mtu, na akalale kwenye sakafu ya gereza bila shuka. Msiniambie nimsamehe.

Na yeyote atakayeuziwa duveti jeupe la manyoya, kona moja ina kiraka cha mviringo kilichoshonwa kwa mkono kwa uzi wa bluu, tafadhali usimrudishie. Niandikie hata iwe usiku wa manane, nitakulipa ulichotoa.