Mizani ya kioo ya Sh 38,000 kutoka Majengo, Dodoma: nimeitumia miezi tisa

Nilinunua mizani hii Januari 2025 kwenye duka moja la vyombo karibu na soko la Majengo. Ni ya kioo cheusi, ya mraba, ina miguu minne ya mpira chini, inabeba hadi kilo 180 na inasoma kwa gramu mia mia. Leo ni mwisho wa Septemba. Nimeipanda karibu kila asubuhi, na namba zote nimeziandika nyuma ya daftari ninaloandikia vipimo vya wateja. Mimi ni fundi cherehani, nashonea hapohapo Majengo, na kazi yangu ni ya kukaa tangu asubuhi mpaka jioni.

Kilichonipeleka dukani ni presha. Zahanati walinipima mara mbili siku hiyo, ya kwanza na ya pili zote juu. Daktari akaniuliza nataka kupunguza kilo ngapi. Nikamwambia thelathini. Akasema weka hiyo pembeni kwanza, anza na asilimia tano ya uzito wako, maana hata hapo presha na sukari huanza kusikia nafuu. Nilikuwa na kilo 94.6. Asilimia tano yake haifiki hata kilo tano. Nilitoka pale nikiona ni jambo la mwezi mmoja. Limenichukua mpaka Juni.

Nianze na bidhaa yenyewe. Ya kwanza niliyopewa ilikuwa mbovu. Nikipanda inasema 94, nikishuka na kupanda tena inasema 96, mara ya tatu 93. Nilichukua dumu la maji la lita tano nikapanda nalo. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo namba ilitakiwa iongezeke tano na kitu kidogo cha dumu lenyewe. Mara inaongeza nne, mara sita na nusu. Niliirudisha dukani, kijana wa pale akasema kilichouzwa hakirudi. Nikarudi kesho yake nikamkuta mwenye duka, nikamwomba aipande mwenyewe mbele yangu mara tatu. Alipoiona akanibadilishia bila maneno. Hii ya pili nikipanda na dumu inaongeza 5.2 kila mara. Mizani za wauza nyama na nafaka sokoni hukaguliwa na Wakala wa Vipimo, lakini hizi za nyumbani hakuna atakayekuja kukukagulia. Jipimie mwenyewe hapohapo dukani.

Iweke kwenye sakafu ngumu. Chumbani kwangu kuna zulia, na juu ya zulia inapunguza kilo nzima na zaidi. Wiki ya kwanza niliifurahia sana namba ya chumbani, mpaka binti yangu alipoihamishia sebuleni kwenye marumaru na furaha ikaisha. Vipimo vyake viko kwenye ile miguu minne, na mguu ukizama kwenye kitu laini uzito hausomeki sawasawa. Mimi nimeipatia kona yake, sebuleni karibu na mlango, haihami. Betri zake mbili ndogo zimekaa miezi saba. Kabla hazijaisha kabisa ilianza kuruka namba, kwa hiyo ukiona siku moja imekupa kilo mbili za ajabu, badilisha betri kabla hujabadilisha chakula.

Sasa nije kwenye jambo ambalo mwenye duka hakuniambia, na ambalo lilinitoa machozi mwezi wa Februari. Mizani ikiwa nzima, inakupima wewe na vyote vilivyo ndani yako: maji, chakula ambacho bado kipo tumboni, chumvi ya jana na maji iliyoyashikilia. Mafuta unayotaka kuyatoa ni sehemu tu ya namba ile, na ndiyo sehemu inayosogea polepole kuliko zote.

Wiki mbili za kwanza nilishuka kutoka 94.6 hadi 92.3. Nilikuwa nimepunguza bonge la ugali likawa nusu, chai kijiko kimoja cha sukari badala ya vitatu, chapati mara mbili kwa wiki, mlenda na mchicha kila siku. Nikamwambia mume wangu kwa mwendo huu Pasaka nitakuwa na themanini. Wiki ya tatu ikasimama. Ya nne ikapanda. Nililia, kweli, nikaona mwili wangu umekataa.

Muuguzi wa pale zahanati ndiye aliyenielewesha. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na kwenye misuli, na kila gramu moja ya akiba hiyo hukaa na maji ya karibu gramu tatu. Ukipunguza ugali, akiba inatumika na maji yake yanatoka, ndiyo maana mwanzoni unashuka kwa kasi. Mafuta ni hesabu nyingine. Kilo moja ya mafuta ina nishati ya karibu kilokalori 7,700. Ukitaka kuitoa yote kwa wiki moja, unatakiwa upunguze 1,100 kila siku, na kwa mtu wa kazi ya kukaa kama mimi hiyo ni karibu nusu ya chakula chote cha siku. Alipomaliza kunieleza niliona kwamba gramu 300 kwa wiki, ambazo nilikuwa nazidharau, zilikuwa kazi kubwa.

Nitoe wiki mbili za Machi kutoka kwenye daftari, Jumatatu mpaka Jumapili. Ya kwanza: 91.2, 90.6, 91.9, 91.4, 90.8, 90.5, 90.9. Ya pili: 90.9, 90.4, 90.7, 91.6, 90.6, 90.3, 90.1. Kama ningekuwa mtu wa kujipima Alhamisi tu, ningeona 91.4 halafu 91.6, nikasema nimeongezeka. Lakini jumlisha siku saba ugawanye kwa saba: wiki ya kwanza inatoka 91.0, ya pili 90.7. Nilikuwa nashuka. Na ile 91.9 ya Jumatano naijua ilikotoka, Jumanne usiku tulikula samaki wakavu wa chumvi. Ile 91.6 ya wiki ya pili ilikuwa kesho yake baada ya kuanza kutembea kwa miguu kutoka nyumbani Chang'ombe hadi Majengo. Misuli isiyozoea ikichoka huvuta maji ijitengeneze, na mizani inayahesabu. Hebu fikiria mtu anaanza mazoezi leo, kesho anaadhibiwa kwa namba, keshokutwa anaacha. Wangapi wameachia hapo?

Kina mama wenzangu, kuna na siku zetu. Mimi siku nne au tano kabla, napanda kilo moja na nusu, kila mwezi, hata nikila vipi. Siku zenyewe zikifika, ya pili au ya tatu kilo hiyo na nusu inaondoka yenyewe. Nilipoanza kuziwekea alama ya nyota pembeni ya tarehe, nikaanza kulinganisha wiki ya nyota na wiki ya nyota ya mwezi uliopita, na moyo ukatulia sana.

Mizani hii inaunganishwa na simu, na programu yake inakwambia asilimia ya mafuta, maji, misuli, mpaka umri wa mwili. Sehemu hiyo msilipie hela. Inapitisha umeme mdogo sana kwenye nyayo na kukisia kutokana na jinsi unavyopita mwilini, na maji ndiyo yanayoupitisha, kwa hiyo ukiwa na kiu inasema mafuta yameongezeka. Siku moja ilinipa asilimia 46 asubuhi na 42 jioni. Hakuna mtu anayepoteza mafuta hayo kati ya chai na chakula cha usiku. Mjamzito na mwenye kifaa cha kuendeshea moyo wasiitumie kabisa sehemu hiyo, na kwenye boksi maelezo yapo kwa maandishi madogo sana.

Msilinganishe mizani na mizani. Ya zahanati inanizidishia kilo moja na zaidi kwa sababu pale napanda na nguo na viatu, nimeshakunywa chai. Ya kijana anayepima watu barabarani kwa Sh 200, ile ya mshale, iliwahi kunipa 88 siku ambayo nyumbani nina 90. Chagueni moja mbaki nayo. Mimi napanda saa kumi na mbili asubuhi, nimetoka msalani, sijala, nimevaa khanga moja ileile.

Kuanzia Aprili mpaka katikati ya Mei, wiki saba, wastani ulikuwa kati ya 90.1 na 90.6 tu. Pasaka ilikuwa tarehe 20 Aprili, tukala pilau siku mbili, nikapanda kilo 1.8, ikanichukua siku tano kurudi. Hiyo sikuijali. Kilichoniumiza ni kusimama kwenyewe. Wifi yangu alikuja kutoka Kondoa, akaniangalia akasema, "Wifi, si walisema unapunguza? Mbona uko vilevile?" Hakuwa na nia mbaya. Lakini usiku huo sikulala, na kwa siku kama kumi nilikuwa napanda mizani mara nne, mara tano kwa siku, hata baada ya kunywa maji. Hapo kifaa hiki kilikuwa kinanidhuru. Nilimpa binti yangu akafungie kabatini kwake kwa wiki mbili.

Wakati huo ndipo nilipochukua futi. Miaka 16 nimeivaa shingoni, nimepima viuno vya nusu ya Majengo, changu sijawahi kukipima mpaka Januari hii. Januari kiuno kilikuwa inchi 43. Mwishoni mwa Machi, 41 na robo. Nilipopima katikati ya Mei, zile wiki saba ambazo mizani ilisema sijasogea, futi ilisoma 40. Nilipima mara tatu, nikamwita na mwanafunzi wangu wa kushona anipimie yeye, akapata 40 kamili. Inchi moja na robo, fundi yeyote atakwambia hiyo ni pindo mbili za gauni, si kosa la mkono. Pengine kutembea kulikuwa kumeongeza misuli kidogo, pengine maji yalikuwa yamejificha, sijui mgawanyo wake. Najua nguo haidanganyi kiunoni. Futi ya Sh 1,000 ilinisaidia siku zile kuliko kioo cha Sh 38,000.

Binti aliporudisha mizani tulikubaliana: mara moja asubuhi, naandika, nageuza ukurasa. Jumapili ndiyo nafanya hesabu ya wastani. Tangu hapo nimeshuka tena taratibu, Juni nikavuka ile asilimia tano ya daktari, na presha imeshuka ingawa dawa bado naendelea nazo kama alivyoagiza. Agosti niliuza nguo viwanja vya Nane Nane kule Nzuguni, wiki nzima ya mbuzi choma na ndizi, nikaongezeka gramu 900 kwenye mizani, kisha zikaondoka karibu zote. Wastani wa wiki iliyopita ni 87.9. Miezi tisa, kilo sita na gramu 700. Wengine mtaniambia mnajua mtu aliyetoa hizo kwa mwezi mmoja. Na mimi namjua mmoja, nimemshonea nguo mara mbili ndani ya mwaka, na mara ya pili alitaka niachie nafasi kubwa kuliko ya kwanza.

Kama bidhaa, naipa nne kati ya tano. Inasoma vilevile kila mara, taa yake inaonekana hata alfajiri umeme ukiwa umekatika, na kioo hakijapata ufa pamoja na mjukuu wa jirani kuirukia. Nakata moja kwa ajili ya programu ya simu na ile mbovu ya mwanzo. Kama wewe namba ikipanda siku yako yote inaharibika, au umewahi kujinyima chakula mpaka ukaumwa, usiinunue. Nunua futi, ujipime mara moja kwa mwezi, na umwone mtaalamu wa lishe hospitalini.

Ukienda dukani, omba waifungue boksi, iweke sakafuni pasipo na zulia, panda mara tatu mfululizo, kisha panda na chupa ya maji ya lita moja na nusu mkononi. Waambie pia wakuwekee betri za ziada, maana zile za ndani ya boksi ni dhaifu. Walianza na Sh 45,000, mimi niliishia 38,000, na nasikia kwa wiki hizi wamezipandisha.