Mfupa wa dome kwa konokono wa tangini: mzuri sana, ila cheki maji yako kwanza

Mnaujua ule mfupa mweupe mwepesi wanaowekewa kasuku kwenye tundu wanolee mdomo? Unatoka kwa dome, yule wa baharini ndugu yake ngisi, na mimi naununua kwa ajili ya konokono tu. Kwa anayefuga na kuzalisha konokono wa maji baridi sijaona kitu rahisi kinachoushinda. Karibu wote ni kalsiamu kaboneti, na ganda la konokono nalo ni kalsiamu kaboneti hiyohiyo, yaani unampa malighafi yenyewe.

Sasa ukitaka kujua kama unafanya kazi usiangalie ganda la zamani. Ile ncha ya nyuma ikishalika haijirudii, konokono anajenga kwenye ukingo tu, pale anapotokezea kichwa, kwa hiyo macho yawe pale. Hawa wangu ni Pomacea diffusa, wale wakubwa wa njano wenye papasi ndefu, na kuna mstari unauona kabisa unaotenganisha ganda la kipindi cha shida na hili jipya, ambalo linatoka laini, zito, halimeguki ovyo. Wanaupanda mfupa wenyewe na kuukwangua, ukichungulia karibu na kioo unaona mdomo unafunguka na kufunga, napenda sana kuwatazama wakifanya hivyo!

Wanaofaidi zaidi ni watoto. Anatoka kwenye yai ganda jembamba karibu uone mpaka ndani halafu anakua kwa kasi, kwa hiyo kwao naparuza ule upande laini kwa kisu upate unga, nachanganya na mboga iliyochemshwa ikalainika. Ila mfupa hauzalishi konokono, hilo lieleweke. Hawa Pomacea wana dume na jike, na jike anatoka nje ya maji kutaga kishada cha mayai, sasa kama umejaza tangi mpaka kwenye kifuniko atatagia wapi? Acha nafasi kama sentimita 8 hivi, kishada kibaki na unyevunyevu ila kisizame maana yai likizama kitoto kinakufa humohumo, na baada ya wiki 2 mpaka 4, kutegemea joto, vitaanza kudondoka majini. Wenye nerite, aina nyingine ya konokono wa tangini, nyie hata msihangaike, watataga vidoti vyeupe kila mahali lakini mabuu wao hawakui kwenye maji baridi, wanataka chumvi. Mfupa utawafaa kwa ganda tu.

Pale ninapoupunguzia alama ni kwenye maji yenye asidi. pH, yaani kipimo cha asidi ya maji, ikikaa chini ya 7 ganda linaliwa na maji kutoka nje kila siku, na mfupa nao unayeyuka lakini polepole, hauwezi kukimbizana na hali hiyo peke yake. Hapo tibu maji, weka changarawe ya chokaa au matumbawe yaliyopondwa kwenye filta, ndo mfupa uje kama nyongeza. Kwenye maji magumu, yaani yenye madini mengi kama kalsiamu, ni kinyume chake, mfupa unakaa muda mrefu hauishi mpaka mtu anadhani ni feki, kumbe hauyeyuki kirahisi kwenye maji ya hivyo, mpaka waukwangue wenyewe.

Kero ndogondogo zipo. Mwanzoni unaelea, dawa yake ni kuuchemsha au kuufunga kwenye jiwe kwa uzi wa pamba mpaka ulowe. Unamwaga vumbi jeupe, suuza kwanza. Na ile klipu ya chuma inayokuja na mfupa ing'oe kabla haujagusa maji, hujui ni madini gani, na shaba ni sumu kwa konokono, ndo maana hata dawa za samaki zenye shaba usizimwage humo, hakuna mfupa utakaomwokoa.

Maganda ya mayai ya kuku yaliyochemshwa na kusagwa yanafanya kazi ileile bure, ila yanatawanyika mchangani na ile ngozi ya ndani usipoitoa inaoza. Mfupa ukiona umechakaa unautoa mzima, basi. Kwa hilo tu nitaendelea kuununua, na wewe ukienda dukani chukua ule mweupe mtupu, ya rangi na ya kuongezwa ladha waachie ndege.