Kadi ya sendofu iliyobadilishwa rangi mara mbili: uzoefu wangu na programu za bure za GIF

Kamati ya harusi huku kwetu Mbeya ikimaliza vikao vitatu bila kubadilisha rangi ya sare, ujue mwenyekiti anaumwa. Mimi nina steshenari upande wa Mwanjelwa. Fotokopi, kuchapa barua, picha za pasipoti, na siku hizi kadi za mwaliko zinazocheza, zile za kutuma WhatsApp ambazo maua yanafunguka na majina ya maharusi yanajitokeza taratibu. Hizo ni GIF. Mwenye kuivumbua, Steve Wilhite wa CompuServe kule Marekani, alisisitiza kwamba itamkwe kwa "ji". Mimi nasema gifu, kwa sababu nikisema jifu mteja ataenda kutafuta majivu.

Mwezi wa sita nilipata kazi ya sendofu ya Tukuyu. Bibi harusi Mnyakyusa, bwana harusi Mhehe wa Kihesa, Iringa, ndugu wametapakaa kuanzia Mafinga hadi Tunduma. Kuwasambazia kadi za karatasi kungekula nauli ya bure. Tukakubaliana bluu iliyokolea, maandishi meupe, pambo la dhahabu. Nikatengeneza fremu 24, yaani picha 24 zinazofuatana, nikatuma, nikalipwa nusu. Jumapili yake simu ikaita, mama mwenyekiti. Shikamoo, marahaba, halafu:

"Mwanangu, jana tumekaa. Ile bluu vitambaa havitoshi. Sasa ni damu ya mzee."

Kazi ikaanzia hapo.

Nilishika simu kwanza, kama wengi. Nilipakua programu moja iliyojiita ya bure, na kweli ilikuwa ya bure mpaka nilipobonyeza kuhifadhi. Matangazo mawili ya kuangalia, kisha chapa yao kubwa pembeni, juu kidogo ya jina la baba wa bibi harusi. Nikaifuta siku hiyohiyo.

Nikahamia Ezgif. Hii ni tovuti, husakinishi kitu, haidai akaunti na haiweki chapa yake kwenye kazi yako. Kwa kukata, kupunguza ukubwa, kubadilisha mwendo na kugeuza video fupi kuwa GIF, sijaona kilicho rahisi zaidi kwa mtu mwenye kompyuta dhaifu, maana kazi nzito inafanyika kwao, siyo kwako. Kwa rangi pia kuna mahali pa kuzungusha, na hapo ndipo nilipopata somo langu la kwanza.

Kompyuta huzipanga rangi kwenye duara la nyuzi 360. Nyekundu iko sifuri. Bluu yangu ilikuwa 225. Kuifikisha kwenye wekundu ni kusogeza nyuzi 135, kisha kuipunguzia mwanga ili iwe damu ya mzee. Sawa kabisa, ila duara zima linasogea pamoja nawe! Dhahabu yangu iliyokuwa kwenye 51 ikajikuta 186, yaani feruzi. Maandishi meupe hayakuguswa, kwa kuwa nyeupe, nyeusi na kijivu hazina rangi ya kuzungushwa. Kwa hiyo nikabaki na ua jekundu ndani ya pambo la feruzi. Tovuti haikukosea, ilifanya nilichoiambia. Kama GIF yako ina rangi moja tu pamoja na nyeupe na nyeusi, njia hii itakumalizia kazi ndani ya dakika moja na huna haja ya kusoma zaidi.

Jioni hiyo nikafungua GIMP. Ni programu huria, ipo tangu 1996, inakaa kwenye Windows, Linux na Mac, na hulipii hata shilingi. Ukifungulia GIF humo, kila fremu inakuwa tabaka moja, la kwanza chini, la mwisho juu, na muda wake umeandikwa kwenye jina la tabaka, mfano 100ms, yaani milisekunde 100, sehemu ya kumi ya sekunde. Nikalichagua ua, nikaenda kwenye Hue-Saturation, nikabadilisha bluu peke yake bila kugusa dhahabu. Safi! Nikaangalia: tabaka moja limebadilika. Yamebaki 23.

Mtu mwenye akili angesimama hapo afikirie. Mimi nilivuta blanketi (baridi ya Juni ya hapa Mbeya mnaijua) nikaanza kubadilisha moja moja. Saa sita usiku nikamaliza, nikachezesha, na ua likawa linapepesa kama taa ya bajaji yenye betri mbovu. Mkono wangu ulikuwa umeteleza kidogo kila mara, tabaka hili limeiva zaidi, lile limefifia. Nikalala kwa hasira.

Asubuhi nikajiuliza swali ambalo ningejiuliza mapema: hivi faili lenyewe la GIF linahifadhi rangi vipi? Jibu liko kwenye umri wake. Umbo hili la faili lilitoka 1987, enzi za kompyuta kuunganishwa kwa waya wa simu ya mezani, na kila herufi iliyopita kwenye waya ilikuwa mzigo. Kwa hiyo GIF haiandiki rangi kwenye kila doa la picha. Inabeba sanduku la makopo ya rangi, yasiyozidi 256, na kila doa linaandikiwa namba ya kopo tu. Ni kama fundi aliyechora ukuta mzima kwa kalamu: hapa kopo la 7, pale kopo la 12. Ukimwaga bluu iliyomo kwenye kopo la 7 ukatia damu ya mzee, kila palipoandikwa 7 patageuka, ukuta wote, bila kugusa brashi.

Na GIMP inakuruhusu kufanya hivyohivyo. Picha ikiwa kwenye hali ya Indexed, matabaka yote yanachangia sanduku moja. Unaenda Windows, Dockable Dialogs, Colormap, yanatokea makopo yote yamepangwa kama kreti ya soda. Bofya mara mbili kopo, andika namba ya rangi mpya, basi. Fremu zote 24 zikageuka kwa mpigo mmoja. Nilicheka peke yangu dukani, mteja wa fotokopi akaniangalia.

Ua langu lilikuwa na bluu 11, kuanzia ya kivulini hadi ya kwenye ncha ya jani, kwa hiyo nilibadilisha makopo 11. Iliyokolea nikaipa 800000, ambayo ndiyo damu ya mzee yenyewe kwa lugha ya tovuti, na nyingine nikazipandisha mwanga kidogo kidogo. Dakika 20. Dhahabu haikujua kama kuna jambo limetokea.

Kuna mambo mawili ya kuangalia. Wakati mwingine GIF ikifunguka GIMP inaiweka kwenye RGB, hali ambayo kila doa linabeba rangi yake lenyewe bila sanduku, hasa kama fremu zake zilikuja na masanduku tofauti. Hapo irudishe Indexed kwanza, na usiipe makopo 256 kama huyahitaji. Kadi yangu niliipa 32. Ukiipa mengi unapata bluu sitini zinazofanana, na utazibadilisha zote. La pili, fremu nyingine zinafunguka zikiwa vipandevipande, jani hapa, ncha ya ua pale, kwa sababu mtengenezaji alihifadhi kilichobadilika tu ili faili liwe dogo. Usiogope. Chini ya Filters, Animation, kuna Unoptimize, inakurudishia fremu nzima nzima.

Sasa picha. Bwana harusi akaomba sura zao wawili ziwekwe katikati. Nikaweka. Nyuso za watu zina vivuli mamia, nami nilikuwa na makopo 32. Bibi harusi akatoka na madoadoa kama mgonjwa wa surua. Nikaongeza hadi 256, ikawa afadhali, bado ngozi ina mabaka. Ipo njia ya kutawanya nukta za rangi mbili ili jicho lizichanganye, lakini kwenye kitu kinachocheza nukta hizo huchemka kama uji, labda uchague aina iliyoandikwa Positioned, ambayo nukta zake hutulia mahali pamoja. Tena faili linavimba, kwa sababu GIF hubana vizuri palipo na rangi moja iliyolala, siyo penye nukta. Nilimwambia bwana harusi ukweli, kwamba sura nitamtengenezea kwenye video na kadi ibaki na maua. Akakubali, ingawa nadhani hakufurahi.

Kwenye mwendo nilijikwaa pia, tena kwa ujuaji. Nilitaka maua yafunguke haraka, nikaandika 10ms. Yakafunguka polepole kuliko mwanzo! Kumbe vivinjari vingi vikikuta muda ulio chini ya 20ms vinauchukulia kama 100ms. Siku hizi naweka 50, na fremu ya mwisho naiacha ikae sekunde tatu, ili bibi aliyeko Makambako amalize kusoma ukumbi na saa kabla haijajirudia. Muda huo unaandika mwenyewe kwenye jina la tabaka. Wakati wa kutoa faili usisahau kuweka tiki kwenye As animation, vinginevyo utapata picha moja iliyokufa, na mimi nimeshamtumia mteja hiyo picha iliyokufa.

Upande wa WhatsApp, fahamuni kwamba yenyewe huigeuza GIF kuwa video fupi ya MP4 isiyo na sauti. Kwa hiyo ile sehemu ya kadi uliyoiacha wazi ili nyuma ionekane haitabaki wazi. Hata nje ya WhatsApp, GIF haina nusu uwazi: doa ama lipo ama halipo. Ndiyo maana ua lililokatwa kutoka kwenye karatasi nyeupe linabaki na ukingo mweupe wenye meno likiwekwa kwenye giza. Mimi huchora mandhari yangu kabisa, rangi ya maziwa, mambo ya uwazi siyataki.

Faili la kwanza lilikuwa MB 3.8. Nikaliingiza tena Ezgif, upana kutoka 1080 hadi 540, likashuka chini ya MB moja. Kwa ndugu anayenunua bando la siku, hiyo tofauti anaiona.

Photopea nayo nimeijaribu, inafanya kazi ndani ya kivinjari na inafanana sana na Photoshop. Jina la kila tabaka lazima lianze na _a_ ndipo lihesabiwe kuwa fremu. Ni nzuri kwa aliyezoea Photoshop. ScreenToGif ni ya Windows, kwa kurekodi kioo cha kompyuta, na naitumia kuwaonyesha wanafunzi jinsi ya kujaza fomu. Kwa wasioogopa kuandika amri, gifsicle hubadilisha kopo kwa mstari mmoja:

gifsicle --change-color "#4169E1" "#800000" kadi.gif -o kadi2.gif

Ila inagusa rangi ile uliyoitaja tu, iliyo pembeni yake haiangalii, kwa hiyo kwa bluu 11 itabidi uzitaje zote 11.

Zikiwa zimebaki siku tatu kufika sendofu, mama mwenyekiti akapiga tena. Safari hii alianza kwa kucheka, nikajua. Upande wa Iringa walikuwa wameshanunua sare za rangi ya jani. Nikamwambia asikate simu. Nikafungua faili, makopo yaleyale 11, nikamwaga damu ya mzee nikatia kijani, nikamtumia kadi kabla salio lake halijaisha. Akanyamaza kidogo, akauliza:

"Kumbe ilikuwa rahisi hivi? Na ile elfu tano ya kubadilisha bado unaitaka?"