Kapasita za kununua kwa TV ya valvu, kuanzia bora hadi ya kuacha dukani

TV ya valvu, yaani ya zamani inayotumia mirija ya kioo badala ya transista, iliyolala stoo miaka mingi usiiwashe kwanza "kuona kama inafanya kazi". Nunua kapasita kwanza, yaani vipande vinavyohifadhi chaji ya umeme ndani ya saketi. Chukua RCA 630-TS ya Marekani, iliyoingia sokoni mwaka 1946 na tyubu ya picha ya inchi 10. Ukiipindua utaona kapasita za karatasi zilizopakwa nta, na mara nyingi nta imeyeyuka ikagandia kwenye chesisi, yaani fremu ya chuma inayobeba saketi. Karatasi ikishanyonya unyevu, kapasita huvujisha umeme. Ile iliyo kati ya anodi (mguu wa kutolea) ya valvu moja na gridi (mguu wa kuongozea mkondo) ya inayofuata ndiyo hatari zaidi: gridi inapata volti chanya, valvu inavuta mkondo kupita kiasi, na transfoma yake inaungua. Kapasita ya bei ya soda inaua transfoma ambayo hutaipata tena.

1. Kapasita za filamu ya plastiki, volti 630. Hizi ndizo za kuweka badala ya karatasi zote. Palipoandikwa maikrofaradi 0.05 weka 0.047, na palipoandikwa 0.02 weka 0.022, TV haitajali. Tafuta zenye miguu kwenye ncha mbili, maana ndani ya TV hizi waya zimeunganishwa hewani bila bodi. Filamu ya plastiki aina ya poliesta inatosha karibu kila mahali. Lakini kwenye saketi inayosukuma mistari mlalo, hasa kapasita ya kupandishia volti, dai polipropilini ya volti 1000 au zaidi, kwa sababu mapigo ya pale huipasha poliesta moto. Zile za bei mbaya zinazouzwa kwa wapenzi wa muziki ziache. Picha haitang'aa zaidi.

2. Elektrolitiki mpya (kapasita kubwa zenye mguu chanya na hasi), zinazohimili joto la nyuzi 105, volti 450. Nichicon, Rubycon na Panasonic ni za kuaminika, mradi uagize kwa wasambazaji kama Mouser au Digi-Key. Bandia zipo nyingi, na nyingine ukizipasua unakuta kopo kubwa lenye kapasita ndogo ndani. Badala ya maikrofaradi 40 weka 47. Usiongeze hadi 220 ukidhani unaisaidia: valvu kama 5U4, inayogeuza umeme wa AC kuwa DC, haihimili mkondo wa kuijaza kila unapowasha. Fuata mchoro wa saketi pia, maana si kila mguu hasi unakwenda kwenye chesisi.

3. Kopo jipya lenye kapasita kadhaa. Kwa ubora halina kasoro, ila ni ghali. Linamfaa anayetaka sehemu ya juu ya chesisi ionekane kama ilivyotoka kiwandani. Njia ya nafuu ni kulikata kopo la zamani, kulisafisha, na kuficha elektrolitiki mpya ndani.

4. Seti iliyofungashwa kwa modeli yako. Inaokoa muda, lakini viwanda vilikuwa vikibadilisha saketi katikati ya uzalishaji. Kama muuzaji haonyeshi orodha ya thamani na volti, pita.

5. "Mpya" za miaka ya 1950. Usinunue hata kwa bei ya kutupa. Karatasi huharibika hata ndani ya boksi. Sprague nyeusi zenye mistari ya rangi hupasuka, na Hunts zilizojaa kwenye TV za Uingereza ndiyo hivyo hivyo.

Kapasita za maika na seramiki ziache zilipo, isipokuwa mita imekuonyesha kwamba zimeharibika.

Kwa TV kama Bush TV22 ya mwaka 1950, ambayo chesisi yake imeungana moja kwa moja na umeme wa ukutani, ongeza kwenye oda kapasita za usalama: daraja X2 kati ya nyaya mbili za umeme, na daraja Y kati ya antena na chesisi. Hapo filamu ya kawaida hairuhusiwi, hata iwe na volti 630. Ikipiga shoti, anayeshika antena ndiye anayepigwa na umeme.