Windy kwa kupanga ruti ya meli: nzuri, ila siku ya kumi usiapie

Wanaofanya safari za Salalah, Oman, kuja Mombasa mwezi wa saba wanajua shughuli yake, kusi inakupiga usoni na pale kisiwa cha Socotra na pwani ya Somalia mawimbi ya mita 4 au 5 ni kitu cha kawaida kabisa. Sasa mi kabla hatujang'oa nanga lazima nifungue Windy, apu ya utabiri wa upepo na mawimbi, na kiukweli kwa kitu cha bure hii apu imewatendea haki mabaharia.

Ninachokipenda zaidi sio zile rangi, ni ile sehemu ya mawimbi, unaona wimbi la upepo peke yake na lile refu linalotoka mbali peke yake, na sekunde zake pia, yaani muda kati ya wimbi moja na linalofuata. Watu wengi wanaangalia mita tu halafu wanashangaa meli inalala huku na huku. Mita 3 za sekunde 12 zikija kutoka nyuma unakunywa chai yako vizuri tu, ila mita 2 tu zikikupiga ubavuni na sekunde zake zikaoana na za meli yako kuyumba, hata sufuria jikoni hazikai. Halafu ile namba ya mita ni wastani wa theluthi moja ya mawimbi makubwa, wimbi moja moja linaweza kufika mara mbili yake, kwa hiyo ukiona 4 ujue kuna 8 humo ndani inakusubiri.

Sasa kwenye siku nyingi mbele. Bonyeza ulinganishe modeli za utabiri, ile ya Ulaya ECMWF na ya Wamarekani GFS, zikikubaliana siku nne tano hapo panga ruti yako bila wasiwasi. Kuanzia siku ya saba utaona moja inasema kusi italegea na nyingine inasema itakaza, na kesho yake zote zimegeuza maneno 😂 hapo mi naangalia mwelekeo tu, tusubiri bandarini au tupite mashariki ya Socotra, sio kumwandikia ajenti saa ya kufika.

Kasoro: haiijui meli yako. Ukichora mstari inakuonyesha upepo na mawimbi njia nzima ila haijui umebeba nini wala meli imeingia majini kiasi gani kwa mzigo, hiyo hesabu ni ya kepteni. Na bila intaneti baharini huoni kitu kipya. Nyota 4.